Mbao za Bremen, Mafuta ya Le Mans: Hesabu ya Dereva wa Ridhaa

Lita 2,210. Hayo ndiyo mafuta ambayo kila gari la daraja la juu la Kundi C liliruhusiwa kutumia katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mwezi Juni 1985. Mwaka mmoja nyuma kiwango kilikuwa lita 2,600. Waandaaji wakakata asilimia 15, wakawaachia mainjinia waumize vichwa. Gari namba 7, Porsche 956 la timu binafsi ya Reinhold Joest, lilitembea kilomita 5,088 kwa mgao huo, kwa wastani wa kilomita 212 kwa saa, na likashika nafasi ya kwanza. Ukigawanya, unapata lita zisizozidi 44 kwa kila kilomita 100. Kwa gari lenye nguvu farasi zaidi ya 600, lililokanyagwa usiku na mchana, huo ni ubahili wa kupigiwa mfano.

Gari hilo lilikuwa na madereva watatu. Wa kwanza, Klaus Ludwig, alikuwa Mjerumani anayeishi kwa kuendesha, na Le Mans alikwishaishinda mwaka 1979 na 1984. Wa pili, Paolo Barilla, alikuwa kijana wa Kiitaliano kutoka ukoo wa watengenezaji wa tambi. Wa tatu aliandikishwa kwa jina la "John Winter", na hakuna mzazi aliyempa jina hilo. Huyo alikuwa Louis Krages, mfanyabiashara wa mbao wa Bremen, aliyezaliwa mwaka 1949. Alishindana kwa ridhaa na kwa siri, kwa sababu hakutaka mama yake ajue. Mama akajua baada ya ushindi, picha za washindi zilipotoka magazetini.

Kisa hiki cha mama na magazeti husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha: mwanamume wa miaka 35 anajificha nyuma ya jina la bandia kama mtoto aliyetoroka shule. Lakini mtu anayeendesha kampuni yenye jina la ukoo wake hana sababu moja tu ya kuficha mchezo wa aina hii. Ipo hatari ya kufa, na mama yeyote ataihofia. Ipo pia bili. Ni hiyo ya pili ninayotaka tuihesabu.

Tuanze na chombo chenyewe. Porsche ilianza kuwauzia wateja binafsi gari la 956 mwaka 1983, baada ya timu ya kiwanda kushika nafasi zote tatu za kwanza Le Mans mwaka uliotangulia. Bei ilikuwa zaidi ya mark 600,000 za Ujerumani. Wakati huo Volkswagen Golf mpya ya kawaida ilipatikana kwa chini ya mark 15,000, kwa hiyo aliyenunua 956 moja aliweka mezani fedha za Golf 40. Kwa kiwango cha ubadilishaji kilichotumika euro ilipoingia, mark 600,000 ni takriban euro 307,000, kabla hujahesabu jinsi bei zilivyopanda tangu hapo.

Na hilo ni gari tu, limesimama gerejini. Likishaanza kutembea linakula. Injini ya turbo mbili yenye ujazo wa lita 2.65 haidumu kama ya teksi. Baada ya kazi hufunguliwa, hukaguliwa na kujengwa upya. Tairi huisha, breki huisha, giaboksi huchakaa. Kuna mafundi wa kulipwa na kulishwa, lori la kubebea vifaa, hoteli, ada za kushiriki. Tangi la 956 lilibeba lita 100, hivyo lita 2,210 za Le Mans ni matangi 22 na kidogo. Saa 24 ukizigawanya kwa 22 unapata dakika 65. Maana yake, kila baada ya saa moja hivi gari liliingia kwenye kituo cha huduma, na kila lilipoingia palikuwa na watu wanaolisubiri, usiku kucha, kila mmoja akiwa na mshahara wake.

Bili ya namna hiyo ina walipaji wa aina tatu. Kuna kiwanda, ambacho hulipa kwa sababu ushindi unauza magari. Kuna mdhamini: gari namba 7 lilibeba rangi za New Man, kampuni ya mavazi ya Ufaransa. Halafu kuna mtu mwenye fedha zake ambaye anataka kuendesha. Timu za kiwanda zilimtegemea wa kwanza, lakini timu binafsi kama ya Joest haikuwa na anasa hiyo. Ilijitafutia, na mojawapo ya bidhaa ilizokuwa nazo kwa mteja kama Krages ilikuwa usukani.

Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Saa 24 zikigawanywa sawasawa kwa madereva watatu, kila mmoja anapata saa nane. Mwaka 1985 hazikugawanywa hivyo. Ludwig na Barilla ndio waliobeba sehemu kubwa kabisa ya kazi, na "John Winter" akapewa kipande kidogo. Kwa bosi wa timu uamuzi huo hauna ubaya wowote. Lita zimehesabiwa, na Porsche 956 la timu ya Richard Lloyd kutoka Uingereza liko hapo hapo. Mwanzoni magari hayo mawili yalikuwa yakifuatana karibu karibu na kupokezana kukata upepo ili yasichome mafuta bure. Katika vita ya aina hiyo, dereva anayepoteza sekunde mbili kwa kila mzunguko wa kilomita 13.6 anaweza kuuza mbio nzima.

Angalia lakini gari lililomaliza la pili. Madereva wake walikuwa Jonathan Palmer, James Weaver na Richard Lloyd mwenyewe, mwenye timu. Nafasi ya kwanza, mfanyabiashara wa mbao. Nafasi ya pili, mwenye mali ameketi kwenye gari lake. Porsche yenyewe, pamoja na kiwanda chake chote na magari yake mapya ya 962, ikaridhika na nafasi ya tatu. Mtu akikuambia kwamba madereva wa ridhaa ni mapambo tu ya mchezo huu, mwonyeshe matokeo ya Juni 1985.

Joest alikuwa na kipaji kingine cha kihasibu. Gari lililoshinda mwaka 1985, chasisi namba 117, ndilo lile lile lililoshinda mwaka 1984. Wakati huo Ludwig alishirikiana na Mfaransa Henri Pescarolo. Kwa hiyo zile mark 600,000 na ushei ziligawanyika kwa ushindi mara mbili wa mbio kubwa kuliko zote za magari ya masafa marefu. Miaka kumi na moja baadaye Joest alirudia ujanja ule ule: gari moja, chasisi moja, ushindi wa Le Mans wa 1996 na wa 1997. Wapo wanaosema timu binafsi haziwezi kushindana na viwanda kwa sababu ya fedha. Joest alithibitisha kwamba fedha kidogo zinaweza kutosha zikikutana na mtu anayejua kutunza chombo.

Ushindi, hata hivyo, ndio sehemu ndogo ya kazi ya dereva wa ridhaa. Sehemu kubwa ni kulipia miaka isiyo na kitu. Mwaka 1986 Joest alirudi Le Mans na watu wale wale watatu, na gari namba 7 likawa linapigania uongozi. Usiku Jo Gartner wa Austria akapata ajali na kufariki. Magari yakatembea polepole nyuma ya gari la usalama kwa muda mrefu, na injini ya namba 7 haikuvumilia mwendo ule. Mbio zikaisha kwao. Mwaka 1987 mafuta yaliyotolewa kwa washindani yaliziharibu injini kadhaa za Porsche, na magari ya Joest yakawa miongoni mwa yaliyotoka mapema mno. Maandalizi ya mwaka mzima, mafundi, injini, safari, vyote viliteketea kwa idadi ya mizunguko ambayo ungeweza kuihesabu kwa vidole.

Katika biashara ya mbao, mteja akikuletea matokeo hayo miaka miwili mfululizo unafunga akaunti yake. Krages hakufunga. Mwaka 1988 aliendesha Porsche 962 la Joest pamoja na Frank Jelinski na Msweden Stanley Dickens, wakamaliza wa tatu nyuma ya Jaguar na Porsche la kiwanda. Binafsi naipa nafasi hiyo ya tatu uzito kuliko ushindi wa 1985. Mwaka ule wa kwanza angeweza kuambiwa kwamba alibebwa. Tatu bora ya 1988 haina mlango huo wa kumdharau.

Halafu ikaja Daytona. Mbio za saa 24 za Florida, Marekani, mwaka 1991 zilitwaliwa na Porsche 962 la Joest lililokuwa na madereva watano: Hurley Haywood, Jelinski, Pescarolo, Bob Wollek na "John Winter". Mizunguko 719 ya kilomita 5.73, yaani zaidi ya kilomita 4,100. Kwa mgawanyo sawa kila dereva angepata saa 4 na dakika 48. Watano ni wengi kwa gari moja, na mgao wa kila mmoja unakuwa mdogo, lakini tazama aliokaa nao meza moja. Pescarolo alikuwa na ushindi wa Le Mans mara nne, Haywood mara mbili. Hao si watu unaowapata kwa kuandika hundi peke yake. Lazima wakuamini na gari saa nane za usiku, kwenye ukingo ulioinama kama paa la nyumba.

Baadaye Krages alihamia kwenye magari ya saluni ya DTM, ligi ya Ujerumani ambako mbio ni fupi na magari yanagusana. Huko ndiko watazamaji wengi wa Kijerumani walikomjua, na kwa sababu mbaya: katika mbio za Avus, Berlin, katikati ya miaka ya 1990, gari lake liligonga na kulipuka moto mkubwa. Alitoka hai. Baada ya kuachana na mbio alihamia Marekani. Alifariki Atlanta mwezi Januari 2001, akiwa na umri wa miaka 51.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuliza mbona Mjerumani anayemfahamu yeye hakuwa na hesabu za namna hii. Ni kweli, Edgar Herrmann, Mjerumani aliyeishi Kenya, alishinda Safari Rally mwaka 1970 na tena 1971 akiwa na Hans Schüller. Lakini Herrmann alikuwa ndani ya Datsun zilizoletwa na kiwanda, kwanza 1600 SSS, kisha 240Z. Wajapani walikuwa na magari ya kuuza Afrika, na Safari ilikuwa tangazo lao bora kuliko ukurasa wowote wa gazeti. Bili ilikwenda Japani. Bili ya Krages ilikuwa na anwani ya karibu zaidi.

Je, leo mtu wa aina yake angelipa kiasi gani? Ujerumani ngazi ya chini kabisa iko Nürburgring, kwenye ule mzunguko wa kaskazini uliofunguliwa mwaka 1927, kilomita 20.8 za kona 73 zinazopanda na kushuka milima ya Eifel, tofauti ya kimo ikiwa mita 300 hivi. Siku zinazotengwa kwa umma, mtu yeyote mwenye leseni ya barabarani na gari lililosajiliwa anaruhusiwa kuingia. Mwaka 2024 mzunguko mmoja uligharimu euro 30 siku za kazi na 35 mwishoni mwa juma, yaani kama euro moja na nusu kwa kilomita. Ongeza mafuta, tairi na bima, halafu omba usigonge uzio, maana uzio nao una bei na mwenye gari ndiye anayelipa.

Ngazi inayofuata ni kushindana kweli kweli. Pale pale Nürburgring kuna mfululizo wa mbio za masafa ulioanza mwaka 1977, nyingi zikiwa za saa nne, na ndio chuo kikuu cha madereva wa ridhaa wa Ujerumani. Wamo madaktari wa meno, wenye gereji, wakandarasi, watu wenye maduka. Wengine wameshiriki kwa miaka 30 bila kuonekana kwenye televisheni hata mara moja. Hugawana gari wawili, watatu, wanne, na bili huigawa vivyo hivyo. BMW ilipotoa M235i Racing mwaka 2014 kwa ajili ya watu hao hao, iliiuza euro 59,500 kabla ya kodi. Porsche 911 GT3 Cup ya kizazi kilichozinduliwa mwaka 2020 ilitangazwa kwa euro 225,000. Ile ya juu zaidi, 911 GT3 R, ilitangazwa mwaka 2022 kwa euro 567,000. Kutoka ngazi ya BMW hadi hii ya mwisho, bei imezidishwa mara tisa na nusu, na bado hujanunua tairi la akiba.

Kilele cha mwaka wao ni mbio za saa 24 za hapo hapo, zilizoanza mwaka 1970, ambamo mzunguko wa kaskazini huunganishwa na ule wa kisasa na kufikisha kilomita 25.378. Mwaka 2014 washindi walizunguka mara 159, kilomita 4,035. Mwaka 2024 ukungu ulishuka juu ya Eifel, mbio zikasimamishwa usiku na hazikuweza kuendelea ipasavyo; mshindi alitangazwa kwa mizunguko 50, kilomita 1,269. Ada ni ile ile, mafundi ni wale wale, hoteli ni zile zile. Aliyekuwa amepangiwa kuendesha alfajiri alirudi nyumbani bila kushika usukani, baada ya kuweka akiba mwaka mzima.

Kwenye mbio za dunia za masafa marefu, WEC, fedha za watu hawa zimeandikwa ndani ya kanuni. Shirikisho la FIA hupanga madereva kwa madaraja manne, Platinum, Gold, Silver na Bronze, na Bronze ndilo la watu wa ridhaa, mathalani aliyepata leseni yake ya kwanza ya mbio akiwa ameshavuka miaka 30. Katika daraja la LMGT3 kila gari lazima liwe na angalau dereva mmoja wa Bronze. Msimu wa 2024 ulikuwa na magari 37 ya kudumu, 18 kati yake ya LMGT3. Asilimia 49 ya magari hayo yasingeruhusiwa hata kupanga mstari bila mtu wa Bronze ndani yake. Na Le Mans mtu huyo ana uhakika wa muda: kanuni inamtaka aendeshe si chini ya saa sita kati ya 24. Kile kipande kidogo alichopewa Krages mwaka 1985 leo kingelifanya gari lake liadhibiwe.

Kwa mlipaji hii ni biashara nzuri zaidi. Zamani alinunua nafasi na kumwachia bosi wa timu aamue atapewa saa ngapi. Siku hizi saa zake zimo kwenye kitabu. Matajiri hupanga foleni, na timu zinamtafuta Bronze mwenye kasi kama zinavyotafuta injini nzuri, kwa sababu madereva wa kulipwa wote wanakaribiana kwa sekunde na tofauti inatokea katika zile saa sita zake. Mfanyabiashara anayeweza kuendesha vizuri amekuwa silaha.

Lakini linganisha alichonunua kila mmoja. Euro 307,000 za 956, ukizingatia kwamba bei za Ujerumani zimepanda zaidi ya maradufu tangu 1983, hazipishani sana na 911 GT3 R ya mwaka 2022 ya euro 567,000. Kwa fedha inayokaribiana, mtu wa zama za Krages alipata gari linaloweza kushinda mbio nzima, na mwenzake wa leo anapata gari ambalo Le Mans ni la daraja la tatu kwa kasi, linalopitwa usiku kucha na yale ya mbele. Magari ya mbele sasa ni Hypercar. Porsche iliwatangazia wateja 963 yake kwa takriban dola milioni 2.9 moja.

Hata mwenye dola hizo hawezi kufuata njia ya mfanyabiashara wa mbao wa Bremen. Anaweza kununua gari, kuajiri mafundi na kulipa kila bili hadi senti ya mwisho, lakini atalitazama likizunguka akiwa nje: kanuni za WEC hazimruhusu dereva wa Bronze kuendesha Hypercar.